Ladi Kwali: Mfinyanzi wa kijijini aliyeishia kwenye noti

Ukipata noti ya naira 20 ya Nigeria, igeuze nyuma. Yule mama unayemuona na mtungi wake ni Ladi Kwali. Hakusoma shule, lakini mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima.

Alizaliwa karibu mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, jamii ya Wagbagyi. Ufinyanzi alifundishwa na shangazi yake. Kwao hakukuwa na gurudumu la kufinyangia. Mtungi unakaa chini, mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, akiongeza udongo kidogo kidogo mpaka mdomoni. Ladi alichora mijusi, nyoka na nge kwenye mitungi yake.

Kazi yake ikapendwa hadi ikaingia nyumbani kwa Emir wa Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Hapo ndipo mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, alipoiona mwaka 1950. Baadaye Cardew akafungua kituo cha mafunzo mjini humo, na mwaka 1954 Ladi akajiunga. Ndiye mwanamke wa kwanza kuingia pale.

Gurudumu alilijua, ila mitungi mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, vilevile alivyofundishwa na shangazi. Kilichobadilika ni uchomaji. Sasa mitungi ilipakwa madini yanayoyeyuka kwenye tanuru kali na kung'aa kama kioo.

Basi hapo kukawa na jambo. Mtungi wa kawaida hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Huu unaong'aa hautoi jasho, kwa hiyo haupozi kitu. Chombo cha kuweka maji kikawa cha kutazamwa. Kilisafiri mpaka kwenye maonyesho ya London, lakini kazi yake ya nyumbani ikaishia hapo.

Ladi alifariki mwaka 1984 mjini Minna, na kituo kile kilipewa jina lake.

Ila alichoacha si jina tu. Miaka ya 1970 alifika kituoni binti wa Kenya, Magdalene Odundo, akajifunza kwake. Leo kazi za Odundo zimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na bado anazijenga kwa mkono, bila gurudumu. Yale ya shangazi wa Kwali yamefika mbali.