Ekeberg, mgunduzi wa metali isiyokunywa asidi

BUJUMBURA – Koltani inayochimbwa Kabarore, upande wa Kayanza, kaskazini mwa Burundi, hubeba metali mbili pacha: tantali na niobi. Aliyeigundua tantali na kuipa jina ni Msweden Anders Gustaf Ekeberg, ambaye hakujaliwa kuiona ikiwa safi.

Alizaliwa Stockholm mwaka 1767. Maradhi ya utotoni yalimwachia masikio mazito. Alisoma Uppsala, akaenda Ujerumani, kisha akarejea Uppsala kufundisha kemia. Mwaka 1801 chupa ya maabara ilimlipukia usoni, akapoteza jicho moja. Hakuacha kazi. Mwaka uliofuata, baada ya kuchambua mawe ya Ytterby, Sweden, na ya Kimito, Finland, alitangaza elementi mpya.

Jina alilitoa katika hekaya za Wagiriki: Tantalus, aliyeadhibiwa kusimama majini bila kuweza kunywa. Oksidi aliyoipata nayo ilizamishwa katika asidi isinywe hata tone.

Jina hilo ni zuri, lakini ni nusu ya habari. Tantali huyeyuka karibu na nyuzi 3,000 za Selsiasi, na asidi nyingi haziigusi. Hewani mambo ni mengine: joto likivuka nyuzi 500 hivi, huinywa oksijeni kwa pupa, ikawa dhaifu na kumeguka. Niobi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wahandisi huzivika ngozi ya silikoni, mara nyingi pamoja na kromu na chuma, inayochomwa katika tanuri lisilo na hewa hadi ishikamane na metali. Kwenye moto mkali, silikoni hiyo hujifanyia utando mfano wa kioo, na oksijeni hukwama hapo. Ufa mmoja ukibaki wazi, metali huliwa kwa ndani. Niobi iliyokingwa kwa ngozi za namna hii imetumika katika pua za injini za roketi.

Ekeberg hakuyajua hayo. Mwaka 1809 Mwingereza William Wollaston alidai kuwa tantali si kitu kipya, bali ni ile kolumbi iliyogunduliwa na Charles Hatchett mwaka 1801. Wengi walimwamini. Ekeberg alifariki Uppsala mwaka 1813, akiwa na umri wa miaka 46, shaka hiyo ikiwa bado haijaondolewa. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose ndiye aliyeonyesha kuwa metali hizo ni mbili, na ile ya pili akaiita niobi, kwa jina la Niobe, binti wa Tantalus.