Humphry Davy na Taa ya Wachimba Migodi

Je, umewahi kumwona mtu akimimina petroli karibu na kibatari kinachowaka? Kitendo hicho ni cha hatari kubwa. Soma habari za mtaalamu aliyetafuta njia ya kuutenga moto na gesi.

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa mchonga mbao, alifariki Davy akingali kijana. Davy alijifunza kazi kwa tabibu mmoja, akapenda sana majaribio ya kemia. Mwaka 1807 aligundua metali mbili, potasiamu na sodiamu.

Siku zile wachimbaji wa makaa ya mawe walifanya kazi chini ya ardhi kwa mwanga wa mishumaa. Humo migodini mlikuwa na gesi iitwayo methani. Gesi hiyo ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, kisha ikakutana na mwali, hulipuka. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, wakiwamo watoto wa umri kama wako waliofanya kazi humo.

Mwaka 1815 Davy aliombwa msaada. Aliletewa gesi ile katika chupa, akaifanyia majaribio. Aliona kuwa mwali haupenyi katika vitundu vidogo vya metali, kwa sababu metali hulinyonya joto lake. Basi aliuzungushia mwali wa taa wavu wa waya. Hewa iliingia na mwanga ulitoka, lakini moto ulibaki ndani. Januari 1816 taa hiyo ilijaribiwa mgodini, ikafaa. Davy hakuifanya mali yake ili apate fedha, bali aliwaachia watu wote waitumie. Hata hivyo, wavu ulipotoboka, hatari ilirudi. Davy alifariki Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829.

Habari hizi zinakuhusu nawe nyumbani. Petroli hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ndio unaowaka. Kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuweza kulifikia jiko lililo mbali. Kwa hiyo petroli isiwekwe katika nyumba ya kulala wala jikoni. Iwekwe nje, mbali na moto, katika kopo maalumu lenye kifuniko kinachobana. Baadhi ya makopo hayo yana wavu mdomoni, kama ule wa Davy. Petroli ikiwaka, usimwagie maji, kwani huelea juu ya maji na kuueneza moto. Kimbia, uwaite watu wazima.

Maswali
1. Kwa nini mwali haukupita katika wavu wa taa ya Davy?
2. Kwa nini jiko lililo mbali laweza kuiwasha petroli?
3. Kwa nini moto wa petroli hauzimwi kwa maji?