Chandrasekhara Venkata Raman na Nuru Iliyobadili Rangi

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa Bara Hindi, mwana wa mwalimu wa hisabati na fizikia. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 18 na shahada ya uzamili ya Madras, aliajiriwa Calcutta katika idara ya fedha ya serikali. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara mnono. Hata hivyo, alfajiri kabla ya ofisi na jioni baada yake, alionekana katika maabara ya chama cha sayansi, mtaa wa Bow Bazar. Humo alichunguza hata mridangam na tabla, akabainisha jinsi lile doa jeusi lipakwalo katikati ya ngozi linavyoipa ngoma sauti zenye ulinganifu kama wa uzi wa zeze. Mwaka 1917 aliuacha uhasibu, akashika uprofesa kwa mshahara uliopungua sana.

Katika safari yake ya meli ya mwaka 1921, buluu ya Bahari ya Mediterania ilimshughulisha. Ilidhaniwa kuwa ni kivuli cha mbingu tu; yeye alithibitisha kuwa maji yenyewe huitawanya nuru. Majaribio yakaendelea hadi tarehe 28 Februari 1928, ambapo yeye na K. S. Krishnan walitambua kwamba nuru ya rangi moja ikipita katika kimiminika, sehemu yake ndogo mno hutoka na rangi nyingine, kwa kuwa imebadilishana nguvu na mitikisiko ya molekuli. Na kila aina ya molekuli ina mitikisiko yake. Mwaka 1930 alitunukiwa Nobeli.

Alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970, kabla eksosomu hazijapewa jina. Hizi ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvimwaga damuni. Seli za saratani nazo humwaga vyao, vikiwa na protini na mafuta ya seli vilikotoka. Watafiti huvitua juu ya chembe za dhahabu au fedha, zikuzazo ile nuru dhaifu ya Raman, kisha husoma alama zake na kukadiria wingi wake. Kazi hiyo ingali zaidi maabarani kuliko wodini, kwani katika tone moja la damu eksosomu za seli nzima ni nyingi mno, na kuzitenga zile za ugonjwa ni shida.