Atang de la Rama

Honorata de la Rama-Hernandez (11 Januari 1902 – 11 Julai 1991), aliyejulikana zaidi kwa jina la Atang de la Rama, alikuwa mwimbaji, mwigizaji, mwandishi na mtayarishaji wa michezo ya jukwaani kutoka nchini Ufilipino. Anakumbukwa kama nyota wa kwanza wa kike katika filamu za nchi hiyo, kutokana na filamu ya Dalagang Bukid ya mwaka 1919. Anakumbukwa pia kama malkia wa kundiman na sarswela, sanaa mbili alizozitetea kwa muda mrefu wa maisha yake. Mwaka 1987 alitangazwa kuwa Msanii wa Taifa wa Ufilipino katika tamthilia na muziki.

Maisha ya awali

Atang alizaliwa Pandacan, mtaa wa jiji la Manila uliosifika kwa wanamuziki wake. Kwa sababu ya wingi wa waimbaji na watunzi waliotoka huko, watu waliuita Italia Ndogo. Mmoja wao alikuwa Ladislao Bonus, mtunzi wa opera ya kwanza ya Kifilipino.

Wakati huo Ufilipino ilikuwa imetoka kwenye utawala wa Hispania na kuingia kwenye utawala wa Marekani. Hata hivyo, michezo ya Kihispania iliendelea kuonyeshwa katika kumbi za Manila. Hiyo ilikuwa tamthilia ambayo ndani yake waigizaji huongea na kuimba, na kwa Kihispania iliitwa zarzuela. Atang alianza kupanda jukwaani akiwa mtoto, na alipofikisha miaka saba alikuwa tayari anaimba katika michezo kama Marina na Mascota.

Pamoja na sanaa, alipata elimu ya juu. Alisomea famasia katika chuo cha Centro Escolar de Señoritas mjini Manila. Lakini jukwaa ndilo lililokuwa kazi yake ya maisha.

Dalagang Bukid jukwaani

Wafilipino waliichukua zarzuela wakaifanya yao. Waliandika michezo kwa Kitagalog na lugha nyingine za visiwa hivyo, wakaiita sarswela. Humo walizungumzia mambo waliyoyaona kila siku, kama vile madeni, kamari, ndoa za kulazimishwa na maisha chini ya watawala wa kigeni.

Mwaka 1917 Hermogenes Ilagan aliandika sarswela ya Dalagang Bukid, maana yake msichana wa shamba, na muziki wake ulitungwa na Leon Ignacio. Atang, akiwa na umri wa miaka 15, alipewa nafasi ya Angelita, msichana anayeuza maua. Wazazi wa Angelita ni watu wa kamari na wanataka aolewe na Don Silvestre, mzee tajiri anayekopesha fedha. Yeye anampenda Cipriano, kijana anayesomea sheria. Don Silvestre anatumia fedha zake ili Angelita ashinde shindano la urembo. Siku ya kutawazwa kwake, Angelita anaingia akiwa na Cipriano, nao wamekwisha kufunga ndoa. Mzee anazimia.

Katika mchezo huo Atang aliimba Nabasag ang Banga, wimbo wa msichana aliyevunjikiwa na mtungi. Wimbo huo ulipendwa mno, na tangu hapo jina lake halikutengana nao.

Filamu ya kwanza ya Kifilipino

Filamu zilikuwa zikionyeshwa Manila tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Hispania, lakini zilitengenezwa na wageni. José Nepomuceno, ambaye baadaye aliitwa baba wa sinema ya Ufilipino, alianzisha kampuni ya Malayan Movies mwaka 1917. Kwa filamu yake ya kwanza ya hadithi alichagua Dalagang Bukid, mchezo ambao watu walikuwa wanaujua na kuupenda. Alimchukua Atang kuwa Angelita, na Marceliano Ilagan akaigiza kama Cipriano.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1919 katika Teatro de la Comedia, Manila. Maelezo yake yaliandikwa kwenye picha kwa Kiingereza, Kihispania na Kitagalog, kwa kuwa watazamaji hawakuwa na lugha moja ya kusoma.

Tatizo lilikuwa kwamba filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, ilhali mchezo wenyewe ulijulikana kwa nyimbo zake. Kwa hiyo Atang alihudhuria maonyesho na kuimba mwenyewe ndani ya ukumbi, huku akisindikizwa na wapiga ala. Watazamaji walimwona kwenye pazia akifungua kinywa bila sauti, na sauti yenyewe waliisikia kutoka kwa msichana wa miaka 17 aliyekuwa nao chumba kimoja.

Mwaka 1920 Nepomuceno alitoa mwendelezo wa hadithi hiyo, La Venganza de Don Silvestre, na Atang aliigiza tena. Hakuna nakala ya Dalagang Bukid iliyobaki hadi leo. Filamu nyingi za Ufilipino za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilipotea kwa moto, vita na kuoza kwa kanda.

Utetezi wa kundiman na sarswela

Kundiman ni wimbo wa mapenzi wa Kitagalog, wa mwendo wa polepole na wenye huzuni. Watunzi kama Francisco Santiago na Nicanor Abelardo waliuinua hadi kuwa muziki wa kumbi kubwa. Mara nyingi mpenzi anayeliliwa katika wimbo huo hufahamika kuwa ni nchi yenyewe. Kwa sababu hiyo, kuuimba chini ya utawala wa kigeni hakukuwa burudani tu.

Katika miaka ya 1920 na 1930, Kiingereza kilikuwa lugha ya shule na ofisi. Nyimbo na ngoma za Kimarekani zilijaza kumbi za Manila, na maonyesho ya bodabil yaliyochanganya nyimbo, vichekesho na dansi yaliisukuma sarswela pembeni. Baadaye filamu zenye sauti zilizidi kupunguza watazamaji wake.

Atang alishikilia sarswela na kundiman. Aliigiza katika michezo mipya kama Ang Kiri ya Servando de los Angeles, na aliandika michezo yake mwenyewe, ikiwemo Anak ni Eba na Bulaklak ng Kabundukan. Hakusubiri watu waende kwake Manila. Aliimba katika Teatro Zorrilla na Teatro Libertad, na vilevile katika viwanja vya wazi na katika viwanja vya kupiganisha majogoo, huko Luzon, Visayas na Mindanao. Alizipeleka nyimbo hizo pia kwa jamii za asili kama vile Waigorot, Waaeta na Wamangyan. Nje ya nchi aliimba Hawaii, San Francisco, Los Angeles, New York, Hong Kong, Shanghai na Tokyo.

Ndoa na kifungo cha mumewe

Mwaka 1932 Atang aliolewa na Amado V. Hernandez, mshairi na mwandishi wa habari. Baada ya vita Hernandez alikuwa diwani wa jiji la Manila na kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mnamo Januari 1951 alikamatwa kwa tuhuma za kushiriki katika uasi wa Wahuk, wapiganaji wa kikomunisti wa mashambani. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitano, na humo aliendelea kuandika mashairi.

Aliachiliwa kwa dhamana mwaka 1956. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya nchi ilitoa katika kesi yake uamuzi ambao bado unasomwa na wanafunzi wa sheria wa Ufilipino, kwamba kosa la uasi haliwezi kuunganishwa na mauaji ili kuongeza adhabu. Mwaka 1964 mahakama hiyo ilimwondolea hatia kabisa. Hernandez alifariki mwaka 1970, na Atang aliishi miaka 21 zaidi akiwa mjane.

Tuzo na kumbukumbu

Mwaka 1979 alitambuliwa rasmi kuwa Malkia wa Kundiman, akiwa na umri wa miaka 77. Tarehe 8 Mei 1987 alipewa hadhi ya Msanii wa Taifa. Mumewe alikuwa amepewa heshima hiyohiyo katika fasihi mwaka 1973, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Atang alifariki tarehe 11 Julai 1991. Tarehe 12 Septemba 2019 Ufilipino ilianza kuadhimisha miaka 100 ya sinema yake, ikihesabu tangu onyesho la kwanza la Dalagang Bukid.