Makhan Singh: Mshairi wa Kipunjabi aliyetuandikia historia

Jioni moja nikiwa nyumbani kwangu katika mtaa wa Landless, mjini Thika, kijana wa jirani anayesoma sekondari aliniletea insha yake niipitie kabla hajaipeleka kwa mwalimu. Mada ilihusu mchango wa jamii mbalimbali katika historia ya Kenya. Kuhusu Wahindi alikuwa ameandika sentensi mbili tu: kwamba waliletwa kujenga reli, na kwamba reli ilipomalizika walifungua maduka. Sarufi yake ilikuwa safi. Nikashika kalamu nyekundu, nikatia alama ya vema, nikageuza ukurasa.

Baada ya kijana kwenda zake ndipo dhamiri iliponisuta. Mimi ni mwalimu wa isimu. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu kwamba maneno kama gari, laki, bima na chapati yametufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Huwaeleza pia jinsi jina la mfanyabiashara mmoja wa zamani, Kala Singh, lilivyogeuka katika vinywa vyetu likawa Kalasinga, yaani jina la Masingasinga wote. Hayo huyasema kwa furaha, darasa likacheka, tukaendelea na somo. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya kosa lile lile la kuitazama jamii nzima kupitia dirisha la duka moja.

Isitoshe, sentensi zile mbili zina kasoro. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengi walionusurika walirejea kwao. Waliosalia hawakufika 7,000. Wahindi wengi walioishi Kenya baadaye walikuja kwa nauli yao wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo maseremala, waashi, makarani, mawakili, wapiga chapa na washairi. Ningependa leo nimzungumzie mmoja wao, ambaye alikuwa mpiga chapa na mshairi kwa pamoja. Jina lake ni Makhan Singh.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika jimbo la Punjab. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala aliyetangulia kuja Kenya kufanya kazi katika reli. Mwana alimfuata mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 13, akasoma jijini Nairobi katika shule ya serikali iliyotengewa Wahindi, kwani enzi hizo hata ubao na chaki viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Alikuwa hodari katika masomo, lakini uwezo wa kumwendeleza haukuwapo. Akaingia katika kiwanda kidogo cha kupigia chapa ambacho baba yake alikuwa amekianzisha baada ya kuacha kazi ya reli.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana katika maisha yake. Mchana alipanga herufi za chapa. Wakati wa faragha alitunga mashairi kwa Kipunjabi, na kuyasoma katika mikutano ya jamii yake. Mashairi hayo hayakuishia katika dini na mapenzi. Yaligusa utumwa wa nchi iliyotawaliwa na dhiki ya mtu wa kazi. Msomaji asishangae. Miaka ile ya 1930 waandishi wengi wa India walikuwa wameelekea huko huko. Mulk Raj Anand alitoa riwaya yake juu ya kijana wa tabaka la chini kabisa mwaka 1935, na mwaka 1936 chama cha waandishi wapenda maendeleo kikaundwa katika mji wa Lucknow. Kijana wa Nairobi alikuwa mbali nao kwa bahari nzima, ila upepo ulikuwa mmoja.

Mwezi Machi 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Mwezi uliofuata chama hicho kilibadili jina na kuwa chama cha wafanyakazi wa Kenya, milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Wapo watakaoliona badiliko hilo kuwa la jina tu. Mimi naliona kwa jicho la isimu. Chama kinachotoa matangazo yake kwa Kipunjabi peke yake kitabaki kuwa chama cha Wapunjabi, hata kikijipa jina la dunia nzima. Makhan Singh alilifahamu hilo. Karatasi za matangazo za chama zilitolewa kwa lugha kadhaa za Kihindi na pia kwa Kiswahili. Mtu aliyetunga mashairi kwa lugha ya mama alitambua kwamba lugha hiyo, pamoja na utamu wake wote, haingefika masikioni mwa kuli wa Kiafrika aliyebeba mzigo pamoja na fundi wa Kihindi. Hakuiacha lugha yake. Aliongeza lugha nyingine kando yake.

Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo uliodumu siku 62, na waajiri wakalazimika kuongeza mishahara. Mwishoni mwa mwaka 1939 Makhan Singh alikwenda India, na mwaka uliofuata Waingereza walimkamata huko na kumweka kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Alipotolewa kambini alilazimishwa kukaa katika kijiji chake hadi mwaka 1945. Alirejea Kenya mwezi Agosti 1947.

Ndugu msomaji, uutazame vizuri mwezi huo. Ni mwezi ule ule ambapo Bara Hindi liligawanywa na jimbo la Punjab likapasuliwa katikati. Gujranwala iliangukia upande wa Pakistan. Hivyo mtu tuliyezoea kumwita Mhindi alikuwa amezaliwa katika kijiji ambacho tangu hapo hakikuwa tena India. Hata lugha yake ya mashairi iliachwa pande mbili za mpaka, huku ikiandikwa kwa hati ya Gurmukhi, kule kwa hati iliyotokana na Kiarabu. Na huku Kenya, serikali ya kikoloni ilijaribu mara kadhaa kumfukuza kwa hoja kwamba hakuwa mtu wa hapa. Yeye alipigana mahakamani ili abaki. Mimi ninayeishi katika mtaa unaoitwa Landless, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni watu wasio na ardhi, siwezi kulisoma tukio hilo nisijiulize ni nani hasa hupewa mamlaka ya kusema kuwa fulani ana kwao na fulani hana.

Jibu la Makhan Singh lilikuwa vitendo. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye akiwa katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Zama zile viongozi wengi walikuwa bado wakiomba viti zaidi barazani. Yeye aliomba nchi yote, na akaiomba kwa niaba ya wenyeji wote.

Tarehe 15 Mei 1950 alikamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaendelea kwa zaidi ya juma moja, huku polisi wakitumia mabomu ya machozi. Kesi yake ilisikizwa Nyeri. Hakuficha kwamba alikuwa mkomunisti, wala hakuomba radhi. Akapelekwa Lokitaung katika nyika ya Turkana, kisha Maralal na Dol Dol. Hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Hiyo ni miaka zaidi ya 11. Alipoingia kizuizini vita vya Mau Mau vilikuwa havijaanza. Alipotoka, bendera ya mkoloni ilikuwa karibu kuteremshwa.

Hapana shaka msomaji angetarajia kwamba uhuru ulimpa mtu huyu kiti cha heshima. Haikuwa hivyo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepata viongozi wapya wenye marafiki wapya, na mkomunisti hakutakiwa sana. Hakupewa cheo chochote serikalini. Wengine wangeingia katika manung'uniko au katika biashara. Makhan Singh alirudi kwenye karatasi. Alikusanya kumbukumbu alizozitunza kwa miaka mingi, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kikubwa cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi mwaka 1952. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Kitabu cha pili kilichapishwa mwaka 1980, yeye akiwa kaburini. Hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2006 Zarina Patel alichapisha wasifu wake.

Nilipokisoma kitabu kile cha kwanza kwa makini, jambo moja lilinigusa kuliko mengine. Mwandishi, ambaye mwenyewe yumo katikati ya matukio, hajipi nafasi ya shujaa. Anaandika tarehe, madai, viwango vya mishahara na majina ya wenzake. Wafanyakazi ambao serikali iliwaandika kwa namba za vipande, yeye amewaandika kwa majina. Mtu akitaka kujua mizizi ya haki anayoidai mfanyakazi wa kiwandani hapa Thika leo, ni lazima apitie kurasa zilizoandikwa na mpiga chapa wa Kipunjabi.

Basi siku ya pili nilimwita yule kijana, nikamrudishia insha na kumsimulia habari hizi. Akaniuliza kama Makhan Singh alikuwa Mhindi au Mkenya. Ni swali la haki, na serikali yetu yenyewe ilichukua muda kulijibu, maana ni mwaka 2017 tu ilipowatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Nilimjibu kwamba mtu anaweza kutunga shairi kwa Kipunjabi, akaandika tangazo la mgomo kwa Kiswahili, akaandika historia kwa Kiingereza, na katika yote matatu akawa mtu mmoja. Utamaduni haukumzuia kuwa Mkenya. Ndio uliompa sauti ya kuanzia.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Tunapowafundisha vijana fasihi ya Wahindi, tusianze na kukomea kwa Tagore, ingawa Tagore anastahili. Tuwape pia vitabu vilivyoandikwa na Wahindi wa kwetu. Wapo Bahadur Tejani na M. G. Vassanji katika riwaya, na yupo Makhan Singh katika historia. Mwanafunzi akivisoma, hatatosheka tena na sentensi mbili juu ya reli na duka. Mimi mwenyewe niliifuta ile alama ya vema kwa mkono wangu, na kijana akaketi mezani kwangu kuandika upya. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.