Tolstoy na kitabu cha toba kilichowagombanisha wasomaji

Viko vitabu ambavyo mtu huvisoma akalala usingizi wake, na viko vitabu ambavyo watu wawili wakivisoma chini ya paa moja, asubuhi hawasemezani. Riwaya ya mtunzi wa Kirusi Leo Tolstoy iitwayo Ufufuo, iliyoanza kutoka mwaka 1899, ni ya namna hii ya pili. Ni hadithi ya mwanamume aliyemharibia msichana maisha yake, kisha baada ya miaka akataka kutubu. Walioisifu walikuwa wengi, lakini wako walioona haya, wako waliochukia, na wako hata waliorejesha fedha zilizotokana nayo kana kwamba zina najisi. Na miongoni mwa waliochukia mapema kabisa alikuwamo mkewe mtunzi mwenyewe.

Ili tuujue ugomvi huu ulikotoka, hatuna budi kumjua kwanza mtu mwenyewe.

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika shamba la wazazi wake, Yasnaya Polyana, karibu na mji wa Tula, kusini ya Moscow. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila, wenye ardhi na wenye wakulima waliomilikiwa pamoja na ardhi hiyo. Mamake alifariki naye hajatimiza miaka miwili, na babake akafuata mwaka 1837, ikawa yeye na nduguze wamelelewa na mashangazi. Mwaka 1844 aliingia chuo kikuu cha Kazan, mji wenye Watatari Waislamu wengi, na masomo aliyoyachagua mwanzo yalikuwa Kiarabu na Kituruki. Walakini hakuwa mwanafunzi wa kutulia. Alianguka mtihani, akahamia sheria, na mwaka 1847 akaondoka chuoni bila shahada.

Ujana wake ulikuwa wa karata, pombe na wanawake. Mwaka 1851 alikwenda Caucasus pamoja na kakake mwanajeshi, naye akaingia jeshini, akapigana huko na kisha katika vita vya Sevastopol. Nyumba kubwa aliyozaliwa ndani yake iliuzwa ikavunjwa na kuhamishwa, na fedha zake zikaishia mezani pa karata. Katika miaka hiyo alimpotosha kijakazi mmoja aitwaye Gasha, aliyekuwa mtumishi wa dadake. Na mwanamke mmoja wa shambani kwake, mke wa mtu, alimzalia mtoto wa kiume. Mtoto huyo hakuwahi kupewa jina la Tolstoy. Alikua akawa mwendesha gari la farasi wa watoto wa ndoa wa baba yule yule.

Mambo haya hatuyajui kwa umbea. Tolstoy aliyaandika mwenyewe katika shajara zake, na mwaka 1862, alipomposa Sofia Behrs, alimpa bibi arusi azisome kabla ya ndoa. Yeye alikuwa na umri wa miaka 34, na msichana miaka 18. Bwana arusi alidhani kwamba kusema kweli ni kujisafisha. Bibi arusi alizisoma, akalia, akakubali kuolewa, lakini maneno yale hayakumtoka moyoni mpaka uzee. Walizaa watoto 13. Ni bibi huyu aliyenakili kwa mkono wake Vita na Amani, riwaya iliyomalizika mwaka 1869, na baada yake ikaja Anna Karenina, iliyomfanya mumewe ajulikane kote Ulaya.

Alipokaribia umri wa miaka 50, Tolstoy aliingiwa na fadhaa kubwa. Alikuwa na mali, jina na watoto, lakini hakuona maana ya kuishi. Alitoka katika fadhaa hiyo akiwa mtu mwingine: anavaa mavazi ya wakulima, anashona viatu, anapinga vita, anakataa nyama, na anaisoma Injili kwa namna yake bila kulitii Kanisa. Mwaka 1891 alitangaza kwamba vitabu alivyoviandika tangu 1881 yeyote anaweza kuvichapisha bila kumlipa. Jambo hilo lilizidisha mzozo nyumbani, maana bibi alikuwa na watoto wa kuwalisha na kuwasomesha.

Katika hali hiyo ndipo kilipomjia kisa cha Ufufuo. Mwaka 1887 mwanasheria mashuhuri, A. F. Koni, alimzuru Yasnaya Polyana akamsimulia jambo la kweli. Kijana mmoja wa watu wakubwa alikuwa ameitwa mahakamani mjini Petersburg awe mmoja wa wazee wa baraza, raia wanaosaidia kuamua kesi. Mshtakiwa alikuwa kahaba aitwaye Rosalia, aliyemwibia mlevi rubo 100. Kijana alipomtazama alimtambua: ni yeye aliyempotosha zamani, msichana akiwa yatima anayelelewa na jamaa yake, kisha akamwacha afukuzwe na mimba yake. Alitaka kumuoa gerezani, na Rosalia akakubali. Kabla ya ndoa, homa ya gerezani ikamuua.

Tolstoy aliianza riwaya mwishoni mwa mwaka 1889, na ikamchukua miaka kumi. Katika maandishi ya mwanzo, bwana anatubu, anamuoa msichana, na mambo yanakuwa mema. Mtunzi aliisoma akaiona ina uongo ndani yake. Mwaka 1895 alikiri katika shajara kwamba ameanza mahali pasipo: kisa kianze kwa mwanamke aliyedhulumiwa, si kwa bwana anayejutia. Msomaji, liweke akilini jambo hili.

Riwaya tuliyo nayo, basi, inaanza kwa Katyusha Maslova akitolewa gerezani kupelekwa kortini. Alikuwa mtoto wa mtumishi, akalelewa na akina bibi wawili, nusu kijakazi nusu mwana. Mpwa wa mabibi hao, Nekhlyudov, akiwa njiani kwenda vitani, alimpotosha usiku wa Pasaka, akamtilia rubo 100 mkononi, akaondoka. Msichana akafukuzwa, mtoto wake akafa, naye akaishia katika danguro. Sasa anashtakiwa kumpa sumu mfanyabiashara mmoja. Wazee wa baraza, Nekhlyudov akiwa mmoja wao, wanajua hakukusudia kuua, lakini kwa uzembe wanasahau kuandika maneno hayo. Anahukumiwa miaka minne ya kazi ngumu Siberia. Nekhlyudov anazunguka kwa mawakili na wakubwa, anawagawia wakulima ardhi yake, anajitolea kumuoa, na anamfuata Siberia. Katyusha anamkataa. Anamtupia usoni kwamba alimtumia kwa starehe ya dunia, na sasa anataka kumtumia apate wokovu wa akhera. Mwisho anamchagua Simonson, mfungwa wa siasa.

Ili aandike habari za magereza, Tolstoy, mzee wa miaka 70, aliwahoji askari jela, na mwaka 1899 alitembea na msafara wa wafungwa kutoka gereza la Butyrka mjini Moscow mpaka stesheni ya reli.

Haraka ya kuimaliza ilitokana na watu wengine. Wadukhobor ni jamii ya Wakristo wa Urusi waliokataa jeshi, na mwaka 1895 walichoma silaha zao hadharani, wakaadhibiwa vibaya. Ili wapate nauli ya kuhamia Canada, Tolstoy alivunja ahadi yake ya kutouza vitabu, akaiuza Ufufuo kwa gazeti la kila wiki la Niva. Takriban watu 7,500 walivuka bahari mwaka ule.

Sasa tuje kwa wasomaji, tukianzia nyumbani.

Sofia Tolstoy aliisoma riwaya akiinakili, na alichukizwa. Alijua kwamba usiku ule wa Katyusha ni usiku wa Gasha, kwani mumewe alimsimulia na hata kumwonyesha Gasha mwenyewe, sasa ajuza. Aliona mzee wa miaka 70 akiielezea dhambi ya ujana kwa utamu, kama mtu anayerudia chakula alichokipenda. Na fedha zilizotokana na dhambi hiyo zinakwenda kwa Wadukhobor, si kwa wanawe.

Wakaguzi wa serikali walikuwa na hasira nyingine. Walikata mamia ya mistari inayogusa jeshi, mahakama na dini. Sura zinazoeleza kwa kejeli ibada ya gerezani hazikubakizwa ila maneno machache ya kusema kwamba ibada imeanza. Nakala kamili ilichapishwa Uingereza na rafiki yake Vladimir Chertkov, ikapenyezwa Urusi kwa siri.

Nje ya Urusi mambo yalikuwa kichekesho. Ufaransa, wasomaji wa gazeti lililoitoa riwaya walilalamika kwamba mapenzi yamekatizwa mno na habari za korti na wafungwa, na mhariri akafupisha. Marekani, gazeti jingine liliona mapenzi yamezidi, likakata hayo. Kitabu ni kile kile, mkasi ni ule ule, ila kila mmoja alikata upande wake.

Kisha wakaja Waquaker, kundi ambalo watu wa Magharibi ya Kenya wamelijua tangu misheni ya Kaimosi ilipofunguliwa mwaka 1902. Waquaker wa Uingereza walikuwa mstari wa mbele kuwachangia Wadukhobor, na sehemu ya mapato ya riwaya ilipitia kwenye kamati yao. John Bellows, mpiga chapa wa mji wa Gloucester na mtu mwema, aliisoma sura ya usiku wa Pasaka akashtuka. Kwake yeye, sadaka haiwezi kutoka katika maneno machafu, na fedha zikarejeshwa. Tolstoy hakumjibu kwa ukali. Alimwandikia kwa upole kwamba nia yake ilikuwa kuionyesha tamaa kwa ubaya wake, na kama kalamu imempotosha mtu, basi anasikitika.

Msomaji mwingine alikuwa Anton Chekhov, daktari na bingwa wa hadithi fupi. Aliimaliza kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa mwaka 1900 akiwa mgonjwa. Aliwapenda majenerali, mabibi, wakulima na wafungwa waliomo humo. Alichokiona dhaifu ni uhusiano wa Nekhlyudov na Katyusha, na mwisho wa kitabu, ambapo bwana yule anafungua Injili na kukuta majibu yote. Katika barua kwa rafiki yake, Chekhov aliuliza kwa nini majibu yatoke katika Injili na si katika Kurani, maana msomaji asiyeiamini Injili hakuthibitishiwa kitu.

Suali hilo la Chekhov, ambaye hakuwa Mwislamu wala mtu wa dini, latugusa sisi tuliosomeshwa vyuoni. Walimu wetu walitufunza kwamba ziko dhambi baina ya mja na Mola wake, na ziko dhambi baina ya mja na mja mwenziwe. Za kwanza, machozi na toba ya kweli huzifuta. Za pili zina mwenyewe, na mpaka haki yake irejeshwe, au akuwie radhi, deni liko pale pale, hata ukilia usiku kucha. Kwa kipimo hiki, Chekhov alilenga sawa kuhusu ukurasa wa mwisho, lakini nadhani alipitwa na kurasa za kabla yake. Jawabu la riwaya halimo katika Injili ya Nekhlyudov. Limo katika mdomo wa Katyusha anapokataa. Nekhlyudov alikwenda kuomba radhi akiwa amekwisha kuchagua mwenyewe namna ya kulipa. Katyusha hakutaka malipo hayo. Alitaka kuwa mtu mwenye hiari yake, na alipoipata ndipo alipoweza kumsamehe.

Ndiyo maana wasomaji hawakupatana. Aliyemtazama Nekhlyudov aliona toba nzuri, au unafiki, kwa kadiri ya moyo wake. Bellows alitazama dhambi peke yake. Sofia alimtazama mume aliyemjua, na hakuna wa kumlaumu. Mwenye kumtazama Katyusha husoma kitabu kingine kabisa, na hicho ndicho Tolstoy alichokitafuta tangu 1895.

Kanisa la Kiorthodoksi nalo lilitoa hukumu yake: mwezi wa Februari 1901 Sinodi ilitangaza kwamba Tolstoy si mwana wake tena. Watu walimpigia makofi mitaani Moscow. Mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, ambaye fikra zake ziliwafikia pia masheikh wa Mombasa kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alimwandikia barua ya heshima, na Tolstoy akamjibu kwa furaha.

Nyumbani amani haikurudi. Usiku mmoja wa mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 82, Tolstoy alimtoroka mkewe. Aliugua mapafu njiani, akashushwa stesheni ndogo ya Astapovo, akafa Novemba 20 katika nyumba ya mkuu wa stesheni. Sofia alifika, lakini alizuiwa asimwone mpaka mumewe alipokuwa hajitambui tena. Alizikwa Yasnaya Polyana, katika kaburi lisilo na msalaba.

Sofia alituachia shajara zake, kwa hivyo twajua alivyoumia. Gasha hakuacha hata mstari mmoja. Ukiipata Ufufuo, msomaji, isome ukimkumbuka yeye, kisha useme kama deni lake ulimwona mtu akililipa.