SALME: BINTI SULTANI ALIYEJIFUNZA KUANDIKA KWA SIRI

Wazungu wamewachora wanawake wakisoma kwa muda mrefu sana. Miaka ya 1650, Vermeer wa Uholanzi alimchora msichana anasoma barua kando ya dirisha. Wa kwetu je, nani aliwachora? Hapa Maseno penyewe, wamisionari walipoanzisha shule mwaka 1906, walioitwa kwanza ni wana wa machifu, si mabinti. Ndiyo maana nimechagua kuwasimulia maisha ya Sayyida Salme.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Jumbani wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika, la! Eti mwanamke akijua kuandika, atamwandikia nani? Salme hakukubali. Alitwaa Kurani na mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wakati ule, akanakili herufi moja moja kwa siri. Mimi ningekuwa mchoraji, ningemchora hapo hapo, ameinamia mfupa wake. Habari zilipotoka alisemwa sana, lakini wapi! Alikuwa ameshajua.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Wapinzani walihitaji mtu wa kuwaandikia barua za siri, na Salme, msichana wa miaka 15 tu, akawa karani wao. Waingereza wakamsaidia Majid, maasi yakazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake, basi wale wa upande wa Barghash nao wakamnunia.

Baadaye alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa Emily, wakaoana mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo, tena katika baridi ile! Salme alifundisha Kiarabu ili wapate kula. Aliishi pia Dresden, mji ambamo picha ile ya Vermeer imewekwa.

Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe kwa Kijerumani, kilitoka Berlin. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.